Hapa Hakuna Verna

San Francisco, 18 Juni 1967

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo wa Baba unaendeleaje? Mimi sijambo, na nimepata pa kulala. Tuko kumi na wanne nyumba moja na kila kitu ni cha wote. Viatu vyangu vya kanisani sijui leo viko miguuni mwa nani. Tunavaa maua kichwani, tunakula maharage, na hakuna anayeuliza umetoka wapi.

Majina ya nyumbani tumeyaacha mlangoni. Mimi naitwa Mvua. Kwenye bahasha andika Mvua, maana Verna hapa hawamjui. Usikasirike.

Mwanao


Ord, Nebraska, 29 Juni 1967

Verna mwanangu,

Sisi wazima, ila mahindi yanakauka. Nilipomsomea baba yako barua yako alisema, "Kumbe mvua imetukimbia, iko San Francisco inapiga gita!" Akacheka, kisha akaenda zizini akakaa huko mpaka chakula kikapoa.

Mimi sikucheka. Verna ni jina la mama yangu. Nilikupa mwezi mmoja baada ya kumzika, na silifuti kwa ajili ya watu wanaovaliana viatu. Nimeandika Verna juu ya bahasha, na nitaandika hivyo hivyo. Rudi. Chumba chako sijakigusa.

Mama yako


San Francisco, 2 Septemba 1967

Mama,

Shikamoo. Hamjambo huko? Mimi nimeumwa kifua siku nane. Aliyeniletea maji ni mmoja tu, naye akaniuliza, "Kwani wewe nani, dada?" Nimeishi naye tangu Juni.

Kila siku namuuliza Dubu, anayepokea barua, "Hakuna ya Mvua?" Ananijibu, "Mvua si hii hapa, imelala inakohoa!" Wote wanacheka.

Mama, hujaniandikia hata mstari mmoja. Tarehe 30 wenzangu wanahamia jangwani, New Mexico. Ukiniandikia neno moja tu, "njoo", sitapanda gari lao, nitakuja nyumbani. Usipoandika nitajua umenitoa moyoni.

Mwanao, mpweke


Ord, 27 Septemba 1967

Mwanangu,

Kifua kimepona? Barua yangu ya Juni ilirudi. Mtu ameandika juu yake kwa kalamu ya kijani: "Hapa hakuna Verna." Nikadhani umewatuma wewe, nikaweka kinyongo. Hii yako nayo nimeiacha juu ya friji wiki tatu. Ni kiburi changu tu, mwanangu, nisamehe.

Jana baba yako aliniwekea bahasha na kalamu mezani, akatoka.

Nimeandika Mvua. Mkono ulikuwa mzito, lakini nimeandika kwa herufi kubwa, asikosee mtu. Njoo. Baba yako anaitazama barabara kama anavyotazama mawingu.

Mama yako


San Francisco, 30 Septemba 1967

Mama,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima. Gari linanguruma nje na wananipigia kelele, "Mvua, twende! Au unasubiri manyunyu?"

Nimemngoja tarishi tangu asubuhi. "Hakuna kitu, binti," ameniambia, akapita. Nimekuelewa, Mama. Sikulaumu. Usihangaike kutafuta anwani, tuendako hakuna sanduku la barua.

Jina la Bibi sikulitupa. Sina tu mtu wa kuniita.

Mwanao,
Verna