Nani Alifanya Kazi Hapa Kabla Yangu?

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na goti lako limekuacha upumue. Sisi huku hatujambo. Tumbo limekuwa kubwa hata viatu nafungwa na mkwe wako, na mtoto anapiga mateke kama anayedai mlango ufunguliwe.

Uliniuliza kama nimempata mtu wa usafi. Nimempata, Mama, tena mtu na nusu! Ila ana kisa chake, kwa hiyo kaa vizuri.

Unajua daktari alinikataza kuinama na kubeba ndoo; alisema nikikaidi atanilaza hospitali miezi yote miwili iliyobaki. Mkwe wako akajitolea kupiga deki. Maskini, moyo anao, ufundi ndio hana. Anamwaga maji kama anazima moto, halafu ananiita nije nione. Nikasema hapana, kabla sijateleza nitafute mtu.

Wakaja watatu. Niliwapima kwa kipimo chako: nisitazame anavyofagia, maana kufagia mbele ya watu kila mtu anajua, nitazame anavyotumia tambara. Wa kwanza alifuta choo, akataka kuja na tambara lilelile kwenye meza ya kulia. Nikampa chai, nikamshukuru, nikamsindikiza. Wa pili alinusa dawa ya vigae akapiga chafya kumi na moja, mpaka nikamfungulia madirisha mwenyewe. Wa tatu ni mama mtu mzima, mfupi, ana aproni yake na matambara manne, kila moja na rangi yake na kazi yake. Sebule moja tu alibadilisha maji mara tatu. Akasogeza kabati bila kuambiwa, akatoa huko nyuma soksi mbili na uma tuliokwisha kuusahau. Nikampigia simu mwalimu aliyemwajiri miaka sita. Akasema hachelewi, hagusi kisichomhusu, ila ana mdomo. Nikasema mdomo si kitu, hata mama yangu anao. Nisamehe!

Nikamwambia aanze kesho yake. Yule mama akakausha mikono, akakaa, akasema yeye bado hajakubali. Mimi nimemaliza kumchunguza, sasa ni zamu yake: nani alifanya kazi hapa kabla yake, na nimpe namba ya simu aongee naye. Alisema ndivyo anavyofanya kila mahali. Nyumba isiyo na namba ya kutoa, yeye haingii. Mkwe wako akacheka. Mimi nikamwomba anisubiri hadi jioni, nitamtumia namba.

Hapa ndipo penye neno, Mama. Yule msichana wa kazi niliyekuwa naye kabla, nilikuambia ameondoka kwenda kuolewa. Si kweli. Nilimfukuza. Saa ya mkononi ya marehemu Baba ilipotea, nikasema nani mwingine kama si yeye. Alilia, akaapa, sikusikia. Nilimpekua mkoba pale mlangoni, nikamwaga vitu vyake vyote chini. Wiki tatu baadaye nikaikuta saa kwenye droo ya cherehani, nilikoificha mwenyewe ili yeye asiione. Nikanyamaza. Nimenyamaza miezi mitano.

Wewe ndiye niliyeogopa ujue kuliko wote, kwa sababu nilikuwepo. Nilikuwa na miaka minane siku ulipopekuliwa mkoba wako kwenye nyumba uliyoisafisha miaka tisa, nami nimeshika sketi yako. Nilijua kabisa inavyouma, na bado nikafanya. Naona haya, Mama.

Basi nilimpigia msichana kabla sijatoa namba yake. Nilimwambia saa ilionekana, kosa ni langu, na akiulizwa aseme yote asinifunike. Msichana akaniuliza kama najua kwamba tangu siku ile kila nyumba inataka kujua kwangu aliondokaje, naye hana la kujibu. Nikamwomba msamaha. Akasema msamaha ataufikiria, kwanza anataka barua.

Niliiandika palepale, na mstari wa kwanza unasema hakuiba kitu kwangu, mimi ndiye niliyemsingizia. Nikatia sahihi, mkwe wako naye akatia, akaipeleka mwenyewe.

Yule mama nilimtumia namba, nikawa nimekwisha kumkatia tamaa. Siku ya pili asubuhi nasikia hodi, ni yeye na aproni yake! Alisema ameambiwa yote, mabaya na mazuri, na kwamba barua imefika. Atafanya kazi kwa sharti moja: saa isifichwe, ikae mahali ambapo kila anayeingia ataiona. Basi iko juu ya meza ya sebuleni, wazi kabisa, na kila asubuhi yeye huanza kwa kuifuta vumbi. Nyumba inang'aa, mimi nakaa miguu juu, na usingizi umerudi.

Mkwe wako anakusalimu sana, anasema ndoo ameistaafu. Yule mama naye aliuliza nani alinifundisha kuangalia tambara, nikamtajia wewe. Amesema ukija mtapimana. Njoo, Mama, hata kama ni kuja kunigombeza. Kitanda chako kimetandikwa, na mkoba wako utauweka popote upendapo.

Wako mtiifu, ingawa kwa sasa hawezi kuinama,

Binti yako