Wageni wa Tovuti Yangu na Punda wa Mayu Limi

Jumatano. Joto, vumbi la barabarani, na mimi nina hasira tangu saa nane mchana.

Kwa heshima na taadhima ninawatangazia wananchi wote wa Bariadi, wakulima kwa wafugaji, kwamba mwanamume mmoja wa makamo, baba wa mapacha, fundi wa mikokoteni, alijivisha nira shingoni kwa hiari yake, akavuta mkokoteni wake mwenyewe huku akicheza ngoma, na video ya tukio hilo imetazamwa na watu wengi kuliko wote waliowahi kununua kitu kwenye karakana yake. Serikali ya mtaa haijatoa tamko. Mwanamume huyo ana kitambi, na mwanamume huyo ni mimi.

Ungedhani nacheka. Sicheki.

Tovuti ya karakana niliifungua mwaka jana kwa sababu ya Ngasa. Karakana yake inatazamana na yangu, katikati ni barabara tu, na kazi yetu ni moja. Tovuti yake haina hata rangi: ukurasa mmoja, picha nne, vipimo, bei, namba ya simu, na vijiji anakoweza kufikisha mzigo. Lakini watu wanashuka kwenye basi wakiwa na simu mkononi, wanamwonyesha picha, wanasema nataka huu. Mimi nasimama upande wa pili na mashine yangu ya kuchomelea, natabasamu kama mpambe wa bwana harusi.

Kosa langu lina historia yake. Nilipokuwa kijana nilicheza ngoma upande wa Bagalu, na Ngasa alikuwa Bagika. Kwa wasiokulia huku: baada ya mavuno makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, yakitazamana, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Hakuna jaji mwingine. Umati ukikimbilia kwa mwenzako umeshindwa, hata uimbe vizuri namna gani. Ndiyo maana watu walicheza na chatu, walicheza na fisi, na chochote kile kitakachofanya watazamaji wahame upande.

Sasa mtu wa namna hiyo mpe tovuti. Nilipoiona tovuti niliona uwanja. Nikamwona Ngasa ng'ambo. Nikavaa nira.

Na watu walihama, tena kwa fujo. Dar, Arusha, mpaka nchi ambazo siwezi kuzitaja bila kujing'ata ulimi. Wakaomba nyingine. Nikacheza na gurudumu kichwani. Vipimo na bei nikavishusha chini kabisa ya ukurasa, maana vilikuwa vinabanana na video. Ujumbe ukazidi, mzee umetisha, mzee angalia kiuno, nikaona siwezi kumjibu kila mtu, nikatega jibu moja linalojituma lenyewe: Asante kwa kututembelea, usisahau kushea na wenzako.

Mke wangu, Mama Kulwa, aliitazama ile simu akauliza kitu kimoja tu. "Hao watazamaji wako, yupo hata mmoja mwenye ng'ombe?"

Nikamwambia haelewi biashara ya kisasa. Alirudi kuchambua mchele wake, na jinsi alivyokuwa anachambua nilijua nimejibiwa.

Leo saa nane ameingia mama mmoja mtu mzima, Mayu Limi (mayu kwetu ni mama), ametoka kwa basi kijiji cha huko Mwanhuzi. Tukasalimiana, mwadila, mwadila mayu, nyumbani, mifugo, mvua, yote kwa utulivu kama inavyotakiwa. Nikamsogezea kigoda. Ndipo akafungua fundo la kanga, akatoa simu, akanionyesha ujumbe aliouandika kwenye tovuti yangu wiki tatu zilizopita. Ana punda wawili, ng'ombe hana. Bwawa la karibu limekauka, maji sasa yako mbali. Je, fundi anaweza kutengeneza mkokoteni wa punda, wa kubeba mapipa mawili?

Chini yake palikuwa na jibu langu.

"Fundi, nilikuuliza habari ya punda," alisema. "Ukaniambia nishee na wenzangu."

Sauti haikupanda hata kidogo. Ingepanda ningepona.

Aliandika tena, akapata jibu lile lile. Mwisho akaenda mnadani akanunua mkokoteni wa ng'ombe uliotumika, pamoja na nira yake, akawafunga punda. Sasa ng'ombe ana nundu, ule mti wa nira unakaa mbele ya nundu naye anausukuma. Punda hana nundu. Mti unamlalia shingoni na kumchuna. Punda anavuta kwa kifua, anataka mkanda. Mmoja wa punda wake ana kidonda ambacho ngumi inaingia, na yeye mwenyewe, umri ule, anachota maji kwa kichwa, ndoo moja asubuhi, ndoo moja jioni.

Hakuja kudai chochote. Alikuja na kamba mbili zenye mafundo, vipimo vya vifua. "Hii ya huyu mzima," akasema, "na hii ya mgonjwa, akipona."

Baada ya kumsindikiza stendi nilikasirika na dunia nzima. Niliwakasirikia watazamaji wangu wote, ambao nikiwakusanya hawawezi kununua boliti moja. Nilimkasirikia Ngasa kwa sababu alikuwa anagonga nyundo kwa amani. Nilimkasirikia bwana mmoja wa mtandaoni aliyefundisha kwamba wageni wengi ndiyo biashara. Mimi nilikuwa na mgeni mmoja mwenye punda, mwenye shida, mwenye nia ya kupanda basi. Huyo ndiye tovuti ilijengwa kwa ajili yake, na nikampigia ngoma.

Video nimezifuta jioni hii. Vipimo vimerudi juu. Nimeandika tu: tunatengeneza mikokoteni ya ng'ombe na ya punda, tuambie una mnyama gani, unabeba nini, uko kijiji gani. Kuanzia leo najibu mwenyewe, kwa kidole changu. Idadi ya wageni itaanguka vibaya. Haiumi. Inauma kidogo.

Mikanda ya kifua nimeshaanza kuikata, na ndani naweka kitambaa laini. Jumamosi naipeleka mwenyewe Mwanhuzi.

Lakini nilichoandika hadi hapa kinanipendelea.

Mayu Limi aliniuliza kwa nini sikumjibu. Nikamwambia ni mtandao, mayu, lile jibu linajituma lenyewe, ujumbe wako mimi sikuuona kabisa. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Pole, baba," akasema. "Hata kwetu mtandao unasumbua." Akanipa pole. Mimi.

Niliuona. Uliingia asubuhi nakunywa chai, katikati ya watu wanaosifu kiuno changu. Niliusoma mpaka mwisho. Nilijua pale pale kwamba anahitaji mkanda na si nira, na kumwandikia usimfunge punda nira kungenichukua muda mfupi kuliko kumeza funda la chai. Nikajiambia ni mtu mmoja huyu, na punda wawili. Nikausogeza juu kwa kidole, nikaendelea kusoma sifa zangu.