Neno Ambalo Baba Hakulisema

Same,
Jumapili mchana

Kaka yangu mpendwa Sifael,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Songea. Sisi hatujambo. Mama bado analalamikia magoti, lakini kanisani hakosi. Ningeweza kukupigia simu, ila haya yangenishinda kuyatamka.

Nafundisha hesabu hapa Same mwaka wa pili sasa. Juzi niliandika ubaoni: “Mvua ikinyesha, uwanja utalowa.” Nikauliza, je, isiponyesha? Darasa zima likaitikia kwamba uwanja utakuwa mkavu. Binti mmoja, Nasrin, akanyoosha mkono akauliza, je, bomba likipasuka? Wenzake wakaangua kicheko. Yeye hakutetereka: akasema mwalimu ameeleza ikinyesha tu, isiponyesha hajasema kitu.

Kaka, nilibaki na chaki mkononi. Nilikukumbuka wewe.

Jumamosi nikapanda bodaboda hadi nyumbani Mamba. Nilimkuta Baba anaosha tangawizi. Ndiyo, tangawizi! Ile mibuni uliyoing'oa bila ruhusa yake ili upande tangawizi, mkagombana hata ukahama, mingine yote ameing'oa mwenyewe, na sasa ni katibu wa kikundi cha wakulima. Nikamuuliza, “Baba, Sifael akija bila kuomba radhi, utamfukuza?”

Akaniangalia kama niliyepotewa na akili. “Mtoto anarudi kwao, nimfukuze aende wapi? Nilisema akiomba radhi nitampokea. Asipoomba, nani aliniuliza?”

Sasa nikuambie, kaka, na unisamehe. Siku ile unaondoka, Baba alinituma nikuwahi stendi na maneno hayohayo: “Akiomba radhi, nitampokea.” Mimi nikakufikishia kwamba usipoomba radhi, usikanyage kwake. Nilikuwa kidato cha pili, nikadhani ni kitu kimoja. Lakini si ujinga peke yake. Mibuni ile niliipanda na bibi, nami nilitaka uumie kidogo. Umeumia miaka minane.

Nilimweleza Baba yote palepale. Akacheka mpaka akakohoa, akasema tumekosa wote wawili, yeye kwa kusema nusu na mimi kwa kujimalizia. Mama alikuwa mlangoni. Alijifunika uso kwa kanga, nami sikujua kama analia au anacheka. Mara akaanza kuimba, akaenda kufagia chumba chako.

Baba ameniagiza tena, na safari hii amerudia mara tatu nisikosee: ukitaka kuomba radhi, omba, usipotaka, acha, vyovyote vile atakupokea. Amesema pia yeye ndiye mwenye radhi ya kukuomba, kwa ajili ya tangawizi.

Msalimie shemeji Fortunata, uwabusu watoto ambao hatujawaona. Mama anauliza wanapenda kula nini.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea na ninayekupenda,
Esta