KIKAO CHA KUCHAGUA INJINI YA PIKIPIKI YA MAGURUDUMU MANNE

UMOJA WA WAENDESHA PIKIPIKI, MAZWI – SUMBAWANGA

Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika Jumamosi, tarehe 18 Julai 1998, kuanzia saa 8:20 mchana, kwenye karakana ya Ndg. Kalisti na baadaye kiwanja cha mpira.

WALIOHUDHURIA
1. Ndg. Flavian Kalolo – Mwenyekiti
2. Ndg. Isdori Malema – Katibu
3. Ndg. Amos Lusambo – Mtunza Vifaa
4. Ndg. Kalisti Fabiani – Mjumbe, fundi pikipiki
5. Bi. Evodia Respisi – Mjumbe, mshonaji
6. Ndg. Sayi Kashinje – Mjumbe, mfugaji wa Mtowisa

ASIYEHUDHURIA
Bi. Zita Fabiani, yuko harusini Matai. Udhuru ulipokelewa kwa wivu.

KUMB. NA. 1/7/98: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kuja licha ya upepo, akaomba yasirudiwe maneno ya kikao cha Mei. Alieleza kwamba mfanyabiashara wa Tunduma ameleta pikipiki mbili za magurudumu manne, zote mitumba, bei moja. Umoja utachukua moja kwa ajili ya matembezi ya Jumapili. Ya kwanza, nyekundu, ni ya mipigo miwili, yaani ile inayochanganyiwa oili ndani ya petroli. Ya pili, ya kijani, ni ya mipigo minne, oili yake inakaa peke yake.

Katibu alikumbusha kwamba kwa miaka ishirini tulichaguliwa sabuni, redio na hata rangi ya baiskeli. Leo milango imefunguliwa, nasi tunataka kununua kilekile tulichozoea kwa sababu tu tumekizoea. Huo ni uvivu wa akili. Mwenyekiti aliagiza neno "uvivu" lifutwe. Katibu alilipokea agizo hilo.

KUMB. NA. 2/7/98: HOJA ZA WAJUMBE
Ndg. Kalisti alitetea nyekundu. Alisema ni nyepesi, inaruka, na vipuri vyake ni vichache. "Hii naifungua kwa spana mbili huku nakunywa chai. Na mlio wake! Ile nyingine inaunguruma kama mzee aliyeshiba."

Ndg. Sayi alipinga. Alieleza kwamba njia ya kuteremka Mtowisa ni ndefu, na dereva akiachia mafuta mteremkoni, oili nayo inapungua, maana inakuja pamoja na petroli. Injini inaweza kukwama njiani. Tena injini ya mipigo miwili haisaidii breki kupunguza mwendo.

Ndg. Kalisti alimjibu: "Wewe Sayi umezoea kuteremka na ng'ombe, ndiyo maana unataka kitu kinachokwenda polepole."

Ndg. Sayi alisema ng'ombe wake hawajawahi kukwama. Wajumbe walicheka, Ndg. Kalisti hakucheka.

Bi. Evodia, ambaye mguu wake wa kulia haufanyi kazi tangu utotoni, aliomba nafasi. Alisema: "Ndugu Mwenyekiti, nimekaa nyuma ya pikipiki zenu miaka sita. Migongo yenu naijua kuliko wake zenu. Hii ya magurudumu manne haianguki, mafuta yake yanaongezwa kwa kidole gumba, gia zake ni za mguu wa kushoto. Lakini nyekundu inawashwa kwa teke la mguu wa kulia tu. Kijani ina kitufe. Mkichukua nyekundu, mmenirudisha nyuma."

Ndg. Kalisti alisema yeye atamuwashia.

"Na ikizimika Mtowisa, kaka, nikuandikie barua?"

Ndg. Kalisti aliomba mjadala uendelee. Katibu aliomba hilo liandikwe, na limeandikwa.

KUMB. NA. 3/7/98: MAJARIBIO
Kwa utaratibu wa Umoja, ubishi wa mashine huamuliwa kiwanjani. Nyekundu ilizunguka vizuri na kushangiliwa. Kijani ilipowashwa ilitoa moshi mpaka goli la pili halikuonekana. Ndg. Kalisti alipiga makofi: "Mgonjwa huyo! Mrudisheni Tunduma!" Mwenyekiti alikaribia kufunga hoja.

Bi. Evodia, aliyekuwa karibu na bomba la moshi, alisema moshi ule unanuka kama pikipiki ya Amos. Ndg. Amos alihojiwa, akakiri kwamba alitia oili katika dumu zima la petroli, kisha akajaza mashine zote mbili. Alijitetea: "Miaka kumi nachanganya. Mkono umekwenda wenyewe." Ikumbukwe kwamba wajumbe watano walimtazama akichanganya, na hakuna aliyeshtuka, Katibu akiwemo.

Tangi la kijani lilimwagwa, likatiwa petroli safi iliyopatikana, lita moja. Bi. Evodia alipanda, akabonyeza kitufe. Moshi ulipungua, kisha ukaisha. Alizunguka kiwanja mara mbili, mara ya tatu akapita kona na kuingia barabarani. Mwenyekiti alimwita. Hakusikia, au alisikia.

KUMB. NA. 4/7/98: UAMUZI
Katiba inataka kura zipigwe kwa kunyoosha mikono, wajumbe wote waliohudhuria wakiwepo. Kikao kilimsubiri Bi. Evodia dakika arobaini. Mwendesha baiskeli alileta habari kwamba petroli imemwishia karibu na mashine ya kusaga, naye amekaa juu ya pikipiki anacheka peke yake.

Wajumbe walikwenda kumchukua. Kwa kuwa mikono yote ilikuwa ikisukuma, Mwenyekiti aliruhusu kura za mdomo. Mipigo minne ilipata kura za Mwenyekiti, Katibu, Ndg. Amos na Ndg. Sayi. Ndg. Kalisti, aliyekuwa akisukuma kwa nguvu kuliko wote, aliomba wafike kwanza juu ya kilima. Walipofika alisema: "Andika ndiyo. Ila kuifungua ni mimi, asiiguse mtu."

Bi. Evodia, akiwa ameshika usukani, aliulizwa kura yake. Alijibu: "Sukumeni."

Katibu aliihesabu kuwa ni ndiyo. Uamuzi ulipita kwa kauli moja.

Kikao kilifungwa barabarani saa 11:50 jioni.

Flavian Kalolo, MWENYEKITI ....................

Isdori Malema, KATIBU ....................