Ringi ya Ishirini na Nane

Jumatatu, 2 Juni

Spoku nyingine imekatika. Gurudumu la nyuma tena, upande wa gia tena. Nimeibadilisha kabla ya kufungua kibanda. Mikono ikanuka grisi mpaka mteja wa kwanza akaifuta simu yake kwa kanga kabla ya kuiweka sikioni. Na mimi ndiye fundi simu wake.

Ringi zenyewe zimechoka. Ya nyuma inayumba kama mlevi wa komoni.

Jumamosi ya tarehe 21 ni mbio za baiskeli hadi Mchombe. Mwaka jana Masanja, mume wa dada yangu Roza, alinipita kwa baiskeli anayobebea maziwa. Jibaiskeli jeusi la chuma, keria kama kitanda. Alinipita anapiga mluzi. Juzi, kwenye ubatizo wa mtoto wao, akasimama mbele ya ukoo mzima: atakayetangulia kufika Mchombe achukue baiskeli ya mwenzake. "Hiyo baiskeli panzi yako, shemeji, nitaifunga madumu." Watu wakacheka. Nikakubali, mdomo umejaa pilau.

Ubaya wa shemeji ni utani. Ukikasirika, umeshindwa. Usipokasirika, umeshindwa pia.

Nahitaji ringi mpya. Bajeti: hela ya gunia moja la mpunga, basi.

Jumatano, 4 Juni

Nimeuliza kwenye kundi letu la simu, la waendesha baiskeli. Kosa. Wamebishana mchana kutwa kuhusu karboni. Mmoja anasema karboni inapunguza gramu mia tatu. Ana tumbo la mjamzito. Apunguze hapo kwanza, ni bure.

Mwingine amenishauri ninunue baiskeli nyingine nzima. Huyo anauza baiskeli.

Ijumaa, 6 Juni

Kuna kijana mjini ana ringi za karboni, za mtumba, bei ya kutupa. Nimekwenda. Nyeusi, zinang'aa, zina stika za moto. Alipogeuka kupokea simu nikakwaruza kwa ukucha. Rangi ikatoka. Chini yake chuma. Chini ya chuma, kutu.

Nikamwonyesha. Hakushtuka hata kidogo. "Hiyo karboni ya zamani, bro. Ilikuwaga hivyo."

Nimenawa mikono mara mbili. Uongo wa kujificha naweza kuuvumilia. Huu uliovaa stika unanitia kinyaa.

Jumatatu, 9 Juni

Uamuzi: alumini, mpya, za kawaida, na habu zake za katikati. Si nyepesi za kujivunia, ila zimenyooka. Nimepata muuzaji wa Dar kwa simu. "Saizi gani, bosi?" Nikasema ishirini na nane. "Zipo."

Ndiyo mazungumzo yote. Mtu akikujibu haraka hivyo, jasho linapaswa kukutoka. Mimi nilituma hela.

Alhamisi, 12 Juni

Zimefika na basi. Zilisafiri chini ya gunia la dagaa, na dagaa walikuwa na mengi ya kusema. Nimezifungua uani, nzi wamenizunguka.

Alumini kweli, hilo hakudanganya. Lakini tairi langu limegoma kupanda. Nimevuta kwa mikono, kwa vijiko, kwa matusi. Ringi ni kubwa. Si sana. Kiasi cha kidole tu, kiasi cha kukutukana. Habu ya nyuma haina hata mahali pa kukaa gia zangu.

Nikapiga simu Dar. "Bosi, si ulisema ishirini na nane? Hiyo ndiyo ishirini na nane." Akakata. Stakabadhi imegongwa muhuri: mali ikiuzwa hairudi.

Na hakusema uongo. Ndilo linalonichefua. Kwetu namba hiyo ina wake wawili. Kuna ishirini na nane ya baiskeli ya mizigo, na kuna ishirini na nane ya mbio, nyembamba. Tunaziita jina moja na hazijawahi kulingana. Namba ya kweli ipo ubavuni mwa tairi, imeandikwa ndogo kama masharti ya mkopo. Tairi langu ninalo miaka. Sikuwahi kuifuta tope nikaisoma.

Gunia la mpunga limekwenda. Basi.

Jumamosi, 14 Juni

Habari njema, na mimi si mtu wa habari njema. Roza amepita kibandani. Masanja ameingia kwenye karavati na madumu yote. Ringi ya mbele imepasuka, ya nyuma imejikunja. Hana za kubadilisha, na mjini wanazouza ni za bati linalokunjwa kwa goti.

Bila baiskeli, hana mbio. Nitafika Mchombe polepole, hata kwa kushuka na kuikokota, na lile trekta lake litakuwa langu.

Uvunguni mwa kitanda changu kuna ringi mbili za mizigo. Mpya. Saizi yake kabisa.

Nimezifunika kwa shuka. Nikalala usingizi wa askofu.

Jumanne, 17 Juni

Roza aliniita kula. Nilisikia harufu kabla sijafika mlangoni. Masanja sasa anatembea na maziwa kutoka mbugani, dumu kila mkono, anafika Viwanja Sitini jua limeshapanda. Wateja wanaonja, wanatema. Uani kulikuwa na madumu yamefunguliwa, povu la njano, inzi wamekaa ukingoni kama wako baa. Roza anasugua kwa mchanga, uso ameugeuza pembeni.

"Leo hata kwa mgando hawakutaka, mdogo wangu. Kwenye makorokoro yako huna ringi? Hata mbovu?"

"Sina, dada."

Nilisema hivyo huku natafuna ugali wake.

Nimerudi nyumbani, harufu ikanifuata. Nimebadilisha shati. Ipo. Si ya shati.

Jumatano, 18 Juni

Nimempelekea. Nilizitupa mlangoni. Nikasema zimekuja kwa makosa, zinanijazia chumba, chukua takataka hizi.

Masanja alizigeuza, akazinusa, akanisalimia kwa Kisukuma chake. "Mwangaluka, shemeji! Umezivua mtoni?" Kisha akaelewa. Akaangua kicheko mpaka mtoto akaamka. "Yaani unanipa miguu ya kukupigia teke?"

"Funga, uache kelele."

Zilikaa kama zimezaliwa hapo. Inachukiza jinsi zilivyokaa.

Usiku nimekaza spoku zangu za zamani moja moja. Zinalia kama zeze la mtu asiyejua kupiga.

Jumamosi, 21 Juni

Mchombe. Mwili wote vumbi. Naandika nikiwa nimeegemea gunia la mtu.

Nilimwacha mbali mwanzoni. Mbali sana, nilianza hata kujipenda. Kisha ikaja barabara ya mawe. Spoku moja, tii. Ya pili. Ya tatu. Ringi ya nyuma ikajikunja namba nane. Angalau hiyo nane niliielewa.

Nikakaa ukingoni. Lori la mpunga likapita, nikala vumbi. Masanja akafika, mluzi uleule. Akanipita. Nikasema afadhali. Akarudi.

"Panda."

"Nenda, umeshashinda."

"Dada yako ataniuliza nimekuacha wapi. Panda, shemeji, nishabeba mabaya kuliko wewe."

Akaifunga panzi kwenye keria kwa mpira wa madumu. Mimi nikakaa juu ya bomba la mbele, magoti kidevuni, kama bibi harusi wa bei nafuu. Ringi za alumini hazikuyumba hata kidogo. Tumeingia Mchombe wa mwisho, watu wanashangilia. Nilidai mimi ndiye niliyekuwa mbele, kwa hiyo nimetangulia kufika. Wazee wakajadili kwa makini. Nikashindwa.

Ameichukua panzi.

Jumatano, 25 Juni

Roza ameirudisha asubuhi, anaikokota, gurudumu la nyuma kalibeba begani. Masanja amesema haina keria, haina pa kufungia dumu, na baiskeli isiyobeba kitu ni ugonjwa. Bado ni yake. Mimi namtunzia.

Nimefuta ubavu wa tairi kwa kitambaa na mate. Namba imeonekana. Nimeiandika ukutani kwa mkaa. Mpaka gunia la mwakani.

Roza ameacha chupa ya maziwa. Ya leo, bado vuguvugu. Nimepika chai.

Ilikuwa tamu. Karaha tupu.