Ndege Hawa, Ndege Hizi

3 Machi

Mama,

Shikamoo. Hujambo wewe na mgongo wako? Cherehani bado inalialia, au umeitia mafuta? Sisi huku hatujambo. Mkweo anakusalimu, na Kibogoyo naye angekusalimu kama angeacha kutafuna sabuni.

Najua miezi sita bila neno ni mingi. Ningepiga simu, lakini nakujua na najijua, kabla ya "haloo" ya pili mmoja wetu angekuwa ameshakata. Barua haimkatizi mtu.

Mama, tarehe ishirini mwezi ujao Kibogoyo anatimiza mwaka. Tutamfanyia sherehe hapahapa sebuleni, kila kitu kwa mikono yetu. Nimeamua sherehe yote iwe ya ndege. Mkweo ameshaleta maboksi matupu kutoka dukani kwake, atayakata na kuyapaka rangi. Mimi wenzangu wa tanurini wameniruhusu nioke keki palepale tukishamaliza mikate, na nitaifanya kiota. Kilichobaki kinataka mkono wa fundi cherehani: ndege kumi na mbili, ukubwa wa kiganja, kutundika kwenye kamba. Kila mwezi wa maisha yake na ndege yake na picha yake.

Picha zote ninazo, isipokuwa ya miezi mitano. Hiyo unayo wewe. Ni ile uliyompiga juu ya meza ya cherehani, asubuhi ya siku ile alipopatwa na degedege huko kwako.

Yeye bado ni yule mume wako ambaye ulisema mtaoana akiota meno.

Mwanao

12 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mimi mzima. Mgongo ni uleule na cherehani ni ileile.

Barua yako imefika, nikaisoma, nikaikunja, nikaikunjua nikaisoma tena. Ndege kumi na mbili nitashona. Picha nitaitia humohumo.

Kuja, sitakuja. Hukunialika, lakini nasema mapema nikupunguzie kazi. Uliniambia pale hospitali, mbele ya wauguzi na wagonjwa na mfagiaji, "Umemfunika mablanketi mpaka umeniulia mwanangu." Hakufa, tumshukuru Mungu. Ila neno likishatoka halirudi mdomoni. Tangu siku ile mteja akiniletea mtoto nimpime nguo, namwambia mama yake amshike mwenyewe. Naandika vipimo kwa mbali kama mtu anayeogopa jiko. Mikono hii siiamini tena, na wewe huiamini, basi tumekubaliana.

Anakula vizuri? Meno mangapi?

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo sana. Hatujambo wote. Meno mawili chini, na la juu linachungulia. Jina la Kibogoyo halimfai tena, ila limeshamganda.

Kifurushi kimefika. Mama, ni nini hiki? Nimefungua nikakuta eropleni kumi na mbili! Zina magurudumu ya vifungo, zina madirisha ya uzi mweusi, na moja ina rubani mwenye kofia. Mkweo alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitaka ndege wa mdomo na manyoya, wale wanaodonoa mtama wa watu. Nikasema basi, kosa ni langu, niliandika "ndege kumi na mbili", kama ndege hizi, badala ya "kumi na wawili", ndege hawa.

Jana nakanda unga, likanijia. Si nilikuandikia kwamba keki ni kiota? Tangu lini eropleni ikataga mayai? Na wewe si mtu wa kukosea, mama. Mteja akikuambia "nishonee gauni la kawaida tu" unamwuliza maswali kumi mpaka anataka kukimbia. Mbona hili hukuuliza?

Picha nimeiona. Anacheka, ameshika tepu yako ya kupimia. Nimeitazama mpaka mkate wa watu ukaungua.

Mwanao

7 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Natumaini wenzako hawakukuuliza sana juu ya mkate ulioungua. Mimi mzima, na njia ya mwongo kweli ni fupi. Umenikamata.

Nilielewa tangu nilipoisoma mara ya kwanza. Hata kitambaa nilikitoa, cha njano, nikachora mdomo, nikachora mkia. Mkono ukagoma kukata. Unamkumbuka bibi yangu, nilivyokuwa nakusimulia? Yeye degedege hakuwa akiitaja kwa jina. Alisema jina lenyewe lina ndege ndani yake, ukilitaja unamwita aje kutua. Mimi nilikuwa nikimcheka mpaka ananifukuza jikoni. Sasa na uzee wote huu nimekaa mbele ya kitambaa cha njano, naurudisha mkasi kwenye droo. Nitamtundikia vipi ndege juu ya kichwa mtoto ambaye nimeona macho yake yakigeuka? Nikasema eropleni ni chuma, haina roho, haimtafuti mtu. Nikashona hizo.

Cheka ukitaka. Nimejicheka mwenyewe kwanza.

Sasa na mimi nikuulize jambo, unijibu kweli kama mtu anavyomjibu mzazi wake. Mablanketi yalikuwa mawili, mepesi. Mtoto alikuwa anatetemeka kwa baridi, nami nikamfunika. Ni mimi niliyemfanya vile?

Mama yako

11 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali, unisamehe, kalamu inakimbia.

Si wewe.

Mwezi wa kwanza mwaka huu degedege ilimrudia. Saa sita mchana, mikononi mwangu mimi, hana blanketi, hana shati, amevaa nepi tu. Nilipiga kelele zilezile nilizokupigia wewe, ila safari hiyo hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Daktari wa watoto akaomba kadi yake, akaisoma, akaniuliza, "Mama, hii hukuisoma?" Imeandikwa tangu mara ya kwanza kwamba homa ilitoka sikioni. Nilikuwa nayo mkobani miezi minne, mama. Akaniambia si blanketi, si mama, si bibi. Wako watoto homa ikiwapanda ghafla huwa hivyo, na wengi wakikua huachana nayo.

Nilijua Januari, nikaandika Machi. Hapo katikati nilikuwa nakula aibu asubuhi na jioni. Na hata nilipoandika nikajificha nyuma ya ndege. Nisamehe, mama. Nilikuvunjia heshima mbele za watu, kwa hiyo kabla ya kufunga barua hii nimemwita mkweo na majirani wawili, nikaisoma kwa sauti. Jirani mmoja amelia. Mwingine ameuliza chai iko wapi.

Juzi tumerudi kwa daktari. Amelichungulia lile sikio, akasema limepona kabisa, twende zetu. Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi nikalia, na Kibogoyo akanipigapiga usoni kama anayegonga mlango.

Sherehe ni saa tisa alasiri. Eropleni zote nimezitundika na sizishushi. Njoo umshike. Kama wewe mikono yako huiamini, mimi naiamini.

Mwanao

24 Aprili

Binti yangu mpenzi,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Nimefika nyumbani salama. Mgongo unauma, lakini safari hii najua unauma kwa kubeba nini, na sitaki dawa.

Nisamehe sikukujibu ile barua. Kila nilipoanza niliharibu karatasi, nikaona bora nijilete mwenyewe. Nilikuwa nimepanga maneno ya kusema mlangoni. Wewe na unga mpaka viwikoni ukanitwika mtoto kama mkate wa moto, ukakimbilia keki yako, maneno yangu yote yakapotea.

Ndiyo maana hukuona. Acha nikusimulie. Nilikaa naye kwenye kiti cha dirishani, chini ya zile eropleni, na nakwambia kweli, nilimngoja atetemeke. Watu wanaimba, mkweo anawaeleza wageni kwamba eropleni zimekuja kiotani kutaga, mimi namtazama macho tu. Hakutetemeka. Alinivua miwani. Akaing'oa kofia ya rubani, akaila nusu. Kisha akaninyeshea gauni jipya, mkojo wa moto, hadi kwenye soksi, nami nikasema moyoni alhamdulillahi, huyu ni mzima, na mimi ni mzima. Miezi saba nilikuwa nimebana pumzi, mwanangu. Niliiachia pale kitini.

Jana ameletwa mtoto wa kupimwa shati. Nimempakata mwenyewe.

Alipoondoka nikakitoa kile kitambaa cha njano. Nimekata, na mkono haukugoma. Humu utamkuta ndege mmoja, ana mdomo, ana mkia, ana jicho la kifungo. Huyu ni wa ndege hawa, si wa ndege hizi. Ni wa mwezi wa kumi na tatu. Mtundike juu ya kitanda chake, karibu, amfikie.

Meno nimeyaona, ni matatu. Mwambie mume wangu barua ya posa naisubiri.

Mama yako, mke wa Kibogoyo