Kidole Gumba cha Kushoto

Kiamunyi, Nakuru
Jumanne, tarehe 8 Julai

Mama Jonah, mwalimu mwenzangu,

Pokea salamu za mtu ambaye ulimi wake umekuwa mzito lakini mkono wa kulia bado unamtii. Natumaini magoti yanakuacha ulale na kwamba baridi ya Molo haijaunguza viazi vyako. Mimi nipo. Daktari amemwambia Jackie kwamba moyo umechoka na hautafika mbali. Alimwambia kule koridoni, lakini masikio yangu hayakupatwa na kiharusi.

Viazi nilipata. Bethwel alivishusha langoni pamoja na kikaratasi chako, akakataa hata chai kwa kuwa lori lake lilikuwa limeziba njia. Uliniuliza swali moja tu: je, mjukuu wako Jepleting alifanya hayo anayosemwa? Wiki tatu zimepita. Tunajuana tangu chuo cha ualimu, na hujawahi kuningoja wiki tatu kwa jibu la jambo lolote.

Wewe ndiwe uliyetutumia Jepleting anitunze, nilipohamia hapa kwa binti yangu Jackie baada ya ule ugonjwa wa Februari. Usilojua ni habari ya tableti. Shuleni kwa mjukuu wangu Sue wanapewa kazi za mtandaoni, na mtoto wa miaka kumi na mmoja haachiwi mtandao kama anavyoachiwa kamba ya kuruka. Jackie hutoka kazini saa moja. Basi mwezi wa Aprili akamleta fundi, kijana aitwaye Maxwel, aifunge tableti ifunguke kwa kidole changu peke yake. Jackie aliniambia kwamba mimi siendi popote, na nimelinda watoto wa watu miaka thelathini na mitano, kwa hiyo mimi ndimi askari wa nyumba. Vidole vya mkono wa kulia vilikataa. Maxwel alivipangusa, akajaribu tena, kisha akacheka, akasema, Shosho, chaki imekula alama zote, wewe hata ukivunja benki hawakushiki. Kilichokubali ni kidole gumba cha kushoto, cha mkono uliokufa.

Kila siku saa kumi Sue aliketi kando yangu. Niliubeba mkono wa kushoto kwa ule wa kulia, nikagusisha kidole, naye akafanya kazi yake nikitazama kioo. Ikiisha nusu saa, tableti ilirudi mezani, mimi nikameza dawa na kulala, na Jepleting akaendelea na nguo au na chakula cha jioni.

Mwanzoni mwa Juni mwanamume mmoja alifika kwenye lango la shule akamwulizia Sue kwa majina yote matatu. Alisema ametumwa na mama yake. Alijua darasa lake, alijua hata jina la paka wetu. Bawabu alimzuia, lakini wakati anampigia Jackie simu, mtu yule alipanda boda boda akaenda. Polisi waliandika maelezo, wakasema watapiga simu. Hawajapiga. Ndani ya tableti Jackie alikuta miezi miwili ya mazungumzo na mtu aliyejiita Jepchumba, eti msichana wa gredi ya sita kule Eldoret. Sue alikuwa amemweleza kila kitu: saa ya kutoka shule, njia anayopita, siku ambazo mama huchelewa.

Mazungumzo yote yalikuwa ya saa kumi na moja, saa ambayo mimi huwa nimelala. Jackie akamuuliza mtoto nani alikuwa anamfungulia. Sue akasema ni Jepleting. Jackie akaona picha nzima: msichana anauinua mkono wa mgonjwa, anajitafutia mambo yake mtandaoni, kisha anamwachia mtoto tableti ili anyamaze. Jepleting hakupiga kelele. Alikuja akachuchumaa kando ya kitanda changu, akaniita Gogo kama anavyokuita wewe bibi yake, akasema, si uwaambie, wewe uko hapa kila siku. Jackie naye akaniuliza, Mum, ni kweli?

Nilifumba macho.

Jackie akasema niachwe, nimechoka. Nilisikia zipu ya mkoba ikifungwa, kisha nikasikia Jackie akimwambia mwanao Jonah kwenye simu kwamba binti yake nusura auze mtoto wa watu. Kikaratasi chako kinasema neno hilo limefika kanisani, na kwamba shule ya chekechea iliyokuwa imuajiri imemwambia asije.

Mama Jonah, jibu ni hapana. Jepleting hakuigusa tableti ile hata siku moja. Aliyeuinua mkono wangu ni Sue, na mimi nilikuwa macho.

Mkono ule hausikii kitu. Nilimwona tu, kati ya kope. Mara ya kwanza nilitaka kumkemea. Lakini tableti hujifunga kila baada ya dakika kumi, kwa hiyo hakuweza kuondoka nayo. Ilimbidi akae nami, mkono wangu mapajani pake, kichwa chake begani pangu, akicheka na kunong'ona yale anayoyaandika. Tangu Februari watu walinishika ili kunilisha, kuniosha na kunigeuza. Hakuna aliyekaa. Nilijua anachotaka si mimi, nami nikaendelea kulala kila jioni ili aendelee kuja.

Siku moja alinong'ona swali la huyo rafiki: lango la shule yenu liko upande gani? Nilikuwa mwalimu, Mama Jonah. Nilijua mtoto hamuulizi mtoto mwenzake swali la namna hiyo. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho yake akaja, akauchukua mkono, nikafumba macho.

Nimejaribu kumwambia Jackie kwa mdomo. Anasikia nusu ya neno, ananipapasa kipaji cha uso na kuniletea maji. Kalamu ninayo, najua, kwa hiyo nisijitetee kwa ulimi. Lakini daktari amemwonya kwamba akili yangu itaanza kutangatanga, na karatasi hii akiipata kutoka kwangu ataikunja aiweke pamoja na dawa. Wewe unaujua mwandiko wangu na akili zangu. Bethwel akipita Alhamisi nitampa barua hii dirishani. Njoo Jumapili umsomee Jackie mbele yangu, yote, bila kuruka mstari. Jepleting akikubali, aje naye.

Siku hizi Jackie ameipeleka tableti ofisini kwake. Sue bado huja saa kumi na moja. Anakaa, anaushika mkono huo huo, na safari hii haufungui chochote. Anaamini nilikuwa nimelala. Ukisoma, atajua kwamba nilisikia maswali yote ya yule mtu nikanyamaza, na kwamba uwongo wake ulipita kwa sababu nilimfichia. Sijui kama ataushika tena, na siku zangu hazitoshi kungojea. Njoo hata hivyo.

Msalimie Jonah, na majirani waliolipokea neno lile kanisani uwaonyeshe karatasi hii. Jepleting mwambie kwamba simtumii ombi la msamaha kwa mkono wa mtu mwingine; akija nitamwomba mwenyewe. Mungu awape usingizi.

Ni mimi,
Njoki, Mama Jackie